Kuukuu kwa Jina la Mpya: Historia ya Bidhaa Zilizorejea Sokoni Mathare

Desturi ya kuuza kitu kilichotumika, au kilichorudishwa dukani na mnunuzi wa kwanza, kana kwamba hakijawahi kuguswa, ina historia ndefu mashariki mwa Nairobi. Mathare ni mahali pazuri pa kuisoma historia hiyo. Bonde hili liko kati ya Barabara ya Thika na Barabara ya Juja, kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji. Eastleigh iko ng'ambo ya Barabara ya Juja, na soko la Gikomba, mafundi wa Kamukunji na soko la Kariokor ni mwendo wa miguu. Nguo, viatu, simu, televisheni na majokofu yaliyotumika ng'ambo hupitia masoko hayo kabla ya kuingia nyumba za Mabatini, Mashimoni, Bondeni, Kosovo, Huruma na Mlango Kubwa.

Kwa miongo mingi wakazi wa bonde wamevaa, wamelalia na wamepigia simu vitu vilivyokuwa na mwenyewe mwingine. Hilo si aibu wala si kosa. Kosa huanza pale ambapo maisha ya awali ya kitu yanafichwa ili kipate bei kisiyostahili, kwa sababu mnunuzi hunyang'anywa haki ya kupima mwenyewe anachokilipia. Historia ya biashara hii Mathare ni historia ya namna ukweli huo ulivyotamkwa sokoni, ulivyoanza kufichwa, na ulivyopiganiwa na wanunuzi, mafundi na sheria.

Bonde la machimbo na mafundi wa mabaki

Mathare ilianza kama eneo la machimbo ya mawe. Mawe yaliyochongwa bondeni yalisaidia kuujenga mji wa kikoloni, na Waafrika waliofanya kazi huko na viungani mwake wakaanza kuishi kandokando ya machimbo hayo. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilibomoa makao ya bonde kwa kuyashuku kuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Operesheni Anvil ya Aprili 1954 iliwasomba maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka Nairobi. Watu walirudi bondeni uhuru ulipokaribia, na baada ya 1963 idadi yao iliongezeka kwa kasi. Kuelekea 1970, vyama na kampuni za kununua ardhi zilijenga nyumba za mbao za kupangisha, huku baraza la jiji likiendelea kubomoa vibanda vilivyohesabiwa kuwa haramu.

Familia ambayo nyumba yake inaweza kubomolewa asubuhi moja haiweki akiba yake katika samani mpya. Hununua kinachobebeka, kinachotengenezeka na kinachouzika tena. Ndiyo maana uchumi wa kukitumia kitu upya ulitia mizizi Eastlands, upande huu wa mashariki mwa jiji, kabla ya neno mitumba kuzoeleka kote nchini. Kariokor, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ulijulikana kwa akala, viatu vilivyokatwa kutoka magurudumu ya magari yaliyochakaa. Huko Kamukunji, mapipa na mabati yaliyotupwa yaligeuzwa majiko, karai, mikebe ya maji na masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni.

Mnunuzi wa akala aliuona mtaro wa gurudumu chini ya wayo wake, na mnunuzi wa jiko mara nyingi aliona rangi ya pipa la zamani kwenye bati. Maisha ya awali ya kitu yalikuwa wazi, na bei ilipangwa kwa kuyajua. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) kuhusu ajira nchini Kenya iliwaambia watunga sera kwamba shughuli za namna hii zilikuwa uchumi halisi wenye tija, wala hazikuwa uvivu wa watu waliokosa kazi. Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985, na tangu hapo serikali ikaanza kuzungumza rasmi juu ya sekta ya jua kali. Heshima hiyo ilijengwa juu ya kazi iliyofanyika hadharani, mbele ya macho ya mteja.

Marobota ya Gikomba

Baada ya uhuru, serikali ililinda viwanda vya nguo kwa kuzuia nguo zilizotumika zisiingizwe nchini kwa biashara. Kisumu kulikuwa na KICOMI, Eldoret kulikuwa na Rivatex na Raymond, na Nanyuki kulikuwa na Mountex. Nguo kuukuu hazikukosekana kabisa sokoni. Katika miaka ya 1980, baadhi ya zilizoletwa kama msaada kwa wakimbizi na maskini ziliishia mikononi mwa wachuuzi, na nyingine zilivushwa mipakani.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chini ya mipango ya kurekebisha uchumi iliyosukumwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, vizuizi vya uagizaji viliondolewa na marobota ya nguo yakaanza kuingia kupitia bandari ya Mombasa kwa wingi. Viwanda vilivyokuwa na mashine za zamani, umeme ghali na pamba adimu havikustahimili. KICOMI ilifungwa. Rivatex nayo ilisimama, na Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007. Wafanyakazi waliopoteza ajira walihitaji nguo za bei nafuu, na wengi walihitaji pia kitu cha kuchuuza. Mitumba ikajibu haja zote mbili kwa mpigo.

Gikomba ikawa kitovu. Robota hufunguliwa alfajiri mbele ya wateja wa rejareja, na nguo huchaguliwa kwa madaraja. Bora kabisa, zile zinazokaribia kuwa mpya, huitwa kamera. Za mwisho, zilizochakaa au zenye madoa, huitwa fagia. Mchuuzi anayepanda kuelekea Mlango Kubwa, Huruma au Mathare North hununua kulingana na mtaji wake: mwenye fedha huchagua kamera chache, na asiye nazo hubeba rundo la fagia na kutafuta faida kwa wingi. Mwaka 2019 Kenya iliagiza takriban tani 185,000 za nguo zilizotumika, kwa mujibu wa utafiti wa Taasisi ya Masuala ya Kiuchumi ya Nairobi. Kuna familia nyingi za Mathare ambazo karo, kodi ya nyumba na chakula hutoka katika shehena hiyo.

Mfumo wa madaraja uliulinda ukweli kwa kiasi kikubwa. Neno mitumba lilikuwa tangazo: mnunuzi aliambiwa tangu mwanzo kwamba nguo ilishavaliwa. Hata hivyo, ndani ya marobota hayo mlikuwamo pia nguo ambazo hazikuwahi kuvaliwa, nyingine zikiwa bado na lebo ya duka na bei ya paundi, yuro au dola. Lebo hiyo ilileta jambo jipya sokoni. Vazi likitoka kwenye robota na lebo yake, mchuuzi angeweza kulitenga na kuliuza kwa bei ya duka. Lebo ikianguka kutoka vazi moja, ingeweza pia kuning'inizwa kwenye jingine.

Eastleigh, Dubai na mali ya Uingereza

Badiliko la pili lilitoka ng'ambo ya Barabara ya Juja. Dola ya Somalia ilipovunjika mwaka 1991, wakimbizi na wafanyabiashara wa Kisomali walihamia Eastleigh kwa wingi. Katika jengo la Garissa Lodge, vyumba vilivyokuwa vya wageni kulala viligeuka vibanda vya kuuzia nguo, vitambaa na vyombo vya umeme, na baadaye jengo zima likawa soko. Maduka makubwa mengine yalifuata. Bidhaa zilitoka Dubai na, kadiri miaka ilivyosonga, moja kwa moja China. Kwa mara ya kwanza, mkazi wa Mathare aliweza kununua kitu kipya kwa bei iliyokaribia ile ya kilichotumika.

Kadiri bei hizo zilivyokaribiana, mpaka ulififia. Redio mpya isiyodumu na redio iliyotumika lakini imara ziliwekwa kwenye meza moja. Wateja wengi walijifunza kuitilia shaka mpya ya bei rahisi na kuipenda kuukuu ya jina kubwa. Hapo ndipo soko la vyombo vya ng'ambo lilipokua. Televisheni, kompyuta, pasi na majokofu yalitangazwa kuwa mali iliyotoka Uingereza, na tangazo hilo lilibeba ahadi ya ubora. Barabara ya Luthuli na mitaa ya jirani mjini ilijaa maduka ya vyombo hivyo, na mafundi wa Eastlands wakavinunua kwa jumla ili kuvitengeneza na kuviuza mitaani.

Tangazo la nchi kilikotoka kitu halikusema kilipitia nini huko. Shehena moja iliweza kuwa na jokofu lililotumika miaka kumi, televisheni iliyowashwa dukani kwa maonyesho, na kompyuta iliyonunuliwa, ikarudishwa baada ya wiki moja kwa sababu mteja hakuipenda. Zote ziliitwa kwa jina moja, na aliyeweza kujua tofauti ni muuzaji wa kwanza peke yake.

Safari ya kitu kilichorudishwa

Katika maduka mengi ya Nairobi, risiti au karatasi iliyobandikwa ukutani husema kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kwa hiyo vitu vinavyorudishwa ndani ya Kenya ni vichache, na vingi vya hivyo ni simu na vyombo vya umeme vilivyoharibika mapema. Katika nchi tajiri, kurudisha ni sehemu ya kawaida ya kununua, hasa tangu biashara ya mtandaoni iliposhamiri. Shirika la Mazingira la Ulaya lilikadiria mwaka 2024 kwamba takriban moja kati ya kila nguo tano zinazonunuliwa mtandaoni barani humo hurudishwa.

Kwa muuzaji wa Ulaya au Marekani, kitu kilichorudishwa ni mzigo. Lazima kikaguliwe, kisafishwe, kifungwe upya na kurudishwa ghalani, na mara nyingi gharama hizo hupita faida. Vingine hurudi rafuni. Vingine huharibiwa, na vingine huuzwa kwa jumla, bila kuhakikiwa kimoja kimoja, kwa wafanyabiashara wa mabaki ambao huvipanga na kuvisafirisha kwenye masoko ya mbali. Ufaransa ilipitisha mwaka 2020 sheria inayokataza kuharibu bidhaa zisizouzwa, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2024 kwa kanuni inayolenga hasa nguo na viatu. Nia ya sheria hizo ni njema. Lakini kitu kisichoweza kuchomwa wala kuuzwa Ulaya hutafuta njia ya kutoka, na mojawapo ya njia hizo huishia Mombasa.

Hivyo, kitu kilichorudishwa kinachofika Mathare mara nyingi kilirudishwa na mtu wa mbali, kwa sababu ambayo haikuandikwa popote. Huenda saizi ilikosewa tu. Huenda pia betri ilikuwa ikipata moto. Duka la kwanza lilijua sababu hiyo, au lingeweza kuijua, lakini kila mkono uliokipokea baadaye uliipoteza. Kufikia kibanda cha Barabara ya Juja, hata muuzaji mwaminifu huenda hana namna ya kujua. Udanganyifu katika biashara hii una sura mbili: anayejua na kunyamaza, na mfumo mzima unaofuta kumbukumbu njiani. Maskini hulipia zote mbili.

Mbinu za kukirudishia kitu upya wake

Mbinu za kukifanya kitu kionekane kipya ni ufundi wa kweli, na nyingi ni halali zikitumika kwa uwazi. Viatu huoshwa kwa sabuni na brashi, hukaushwa, soli hung'arishwa, ngozi hupakwa rangi, gundi huongezwa penye ufa, na karatasi hujazwa ndani ili umbo lirudi. Jinzi iliyopauka hutiwa rangi nyeusi au bluu. Shati hupigwa pasi na kukunjwa juu ya kadibodi kama la dukani. Kazi hizi huajiri vijana wengi kandokando ya Gikomba na ndani ya Mathare, na kiatu kilichotengenezwa vizuri kinaweza kumtumikia mvaaji kwa miaka.

Vyombo vya umeme vina mbinu zake. Jokofu hujazwa gesi, hubadilishwa mpira wa mlango na kupuliziwa rangi. Simu huwekewa kioo, betri na kifuniko kipya, kumbukumbu ya mwenyewe wa kwanza hufutwa, kisha huwekwa ndani ya kasha lililochapishwa upya pamoja na chaja isiyo yake. Karatasi ya plastiki hubandikwa kwenye kioo ili mnunuzi aibandue mwenyewe na kuamini kwamba yeye ndiye wa kwanza.

Tofauti kati ya fundi na tapeli iko katika maneno ya wakati wa kuuza. Fundi husema: simu hii ilitumika, nimebadilisha betri, ikisumbua nirudishie. Tapeli hunyamaza, au husema ni mpya. Kazi ya mikono yao inaweza kufanana kabisa, lakini wa kwanza ameongeza thamani na wa pili ameiba. Madhara ya wizi huo hayaishii kwenye fedha. Betri iliyochoka ndani ya kifuniko kipya inaweza kushika moto katika chumba kimoja cha mabati ambamo familia nzima hulala, na waya uliofungwa kwa tepu ndani ya pasi iliyopakwa rangi unaweza kuua. Mathare ni mahali ambapo nyumba zimebanana kiasi kwamba kosa la chumba kimoja huwa msiba wa mtaa.

Kinga za mtaa

Wanunuzi wa bonde hawakungoja sheria. Kinga ya kwanza ilikuwa kujaribu kitu papo hapo. Kibanda cha vyombo vya umeme ambacho hakina soketi ya kujaribia hakiaminiwi. Redio huwashwa hadi mwisho wa sauti, pasi huguswa, televisheni huachwa ikiwaka huku bei ikijadiliwa. Nguo hugeuzwa ndani nje ili mishono ionekane, hushikwa dhidi ya mwanga, na kola pamoja na makwapa huchunguzwa kwanza kwa sababu ndipo jasho hukaa. Kiatu hupindwa ili soli ionyeshe kama ilibandikwa upya.

Kinga ya pili ilikuwa kwenda na anayejua. Mwenye kununua simu au jokofu humchukua fundi wa mtaa anayemwamini, na fundi huyo hukifungua kitu kabla ya fedha kutoka. Kinga ya tatu ilikuwa kumjua muuzaji. Mchuuzi anayetembeza mali leo hapa na kesho kwingine hana cha kupoteza. Mwenye kibanda mbele ya nyumba yake, ambaye watoto wake husoma shule moja na watoto wa wateja wake, hubadilisha kilichoharibika hata bila karatasi. Aibu mbele ya majirani ilifanya kazi ambayo afisi za serikali hazikuifanya.

Simu ilileta kinga ya nne bila kukusudiwa. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na malipo kupitia nambari za biashara yakaenea katika muongo uliofuata. Ujumbe wa malipo una tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Kwa mnunuzi ambaye hajawahi kupewa risiti, ujumbe huo ukawa risiti, na muuzaji aliyezoea kukana kwamba aliuza akakosa pa kujifichia.

Kinga hizi zina mipaka. Hazimsaidii mgeni aliyefika mjini jana, wala anayenunua kwa haraka baada ya msiba. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliisomba Mathare vibaya. Familia zilizookoa nguo za mwilini tu zililazimika kuanza upya kwa fedha kidogo, na mwenye haja ya godoro usiku huohuo hana muda wa kulichunguza.

Sheria na umbali wake

Sheria ya Kenya imeushughulikia uongo wa wauzaji kwa zaidi ya miaka tisini. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyotokana na ya Uingereza ya 1893, ilianza wakati wa ukoloni mwaka 1931. Ilisema kwamba kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo, lakini ilimwachia mnunuzi sehemu kubwa ya mzigo wa kujilinda. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) liliundwa kwa sheria ya 1974, na sheria dhidi ya maelezo ya uongo ya kibiashara ikapitishwa 1979.

Ulinzi ulio wazi zaidi ulikuja baada ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa pamoja na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Ushindani ya 2010 ilifanya kuwa kosa kudai kwa uongo kwamba bidhaa ni mpya, au kudanganya kuhusu historia yake na matumizi yake ya awali. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, iliyoanza kutumika Machi 2013, ilitaja bayana kwamba ni uongo kukiita kipya au ambacho hakijatumika kitu kilichotumika au kilichokarabatiwa. Ilikubali tu matumizi madogo ya kukitayarisha, kukijaribu na kukifikisha kitu kwa mteja. Kwa hiyo, duka linaloifungua simu ili kuonyesha kwamba inawaka halivunji sheria, bali linaloifunga tena simu iliyorudishwa na kunyamaza linaivunja.

Serikali ilijaribu pia kufanya kazi kwa upana. Mwishoni mwa Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliamuru simu ghushi zizimwe kwenye mitandao yote. Kabla ya hapo mteja aliweza kupiga *#06#, kuisoma nambari ya utambulisho wa simu yake na kuituma kwa 1555 ili ajue kama ni halali. Zaidi ya simu milioni moja zilizimwa. Wengi wa wenye simu hizo walikuwa watu wa kipato cha chini waliozinunua kwa imani kwamba ni halisi. Simu zao zilikufa, na waliowauzia hawakurudisha fedha. Hatua hiyo ilisafisha mitandao, lakini ilionyesha pia jinsi sheria isiyomfikia muuzaji inavyomwadhibu mnunuzi. Kuanzia Januari 2025 waagizaji wa simu walitakiwa kuziripoti nambari za utambulisho kwa mamlaka ya ushuru, jambo lililokusudiwa kuusogeza mzigo karibu na mahali panapostahili.

Upungufu mkubwa wa sheria hizi haukuwa katika maandishi. Ulikuwa katika umbali. Mtu aliyepoteza shilingi 3,000 kwa simu mbovu hangeweza kupoteza siku nne za kibarua akifuata kesi. Korti ya Madai Madogo, iliyofunguliwa Milimani Aprili 2021, imepunguza umbali huo: inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja kwa taratibu nyepesi, na mdai anaweza kujisimamia bila wakili. Kwa wakazi wa Mathare, faida yake inategemea kuwa na ushahidi, na ushahidi huanza na muuzaji kusema na kuandika alichouza.

Vita vya kanda na hali ilivyo sasa

Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa hatua kwa hatua nguo na viatu vilivyotumika kufikia 2019. Chama cha wafanyabiashara wa mabaki ya nguo cha Marekani kililalamika mwaka uliofuata, na serikali ya Marekani ikatishia kuondoa nafuu za ushuru zilizotolewa kwa nchi za Afrika chini ya sheria ya Marekani iitwayo AGOA. Kenya, yenye viwanda vingi vinavyoshona nguo kwa soko la Marekani, ilijitoa kwenye mpango huo. Rwanda iliendelea, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu hizo kwa upande wa nguo. Machi 2020 Kenya ilizuia mitumba kwa hofu ya korona. Hadi zuio lilipoondolewa Agosti, wachuuzi wengi wa Gikomba na wa mitaa inayoizunguka walikuwa wamemaliza mitaji yao kwa chakula.

Miezi hiyo ilithibitisha kwamba kuviondoa vitu vilivyotumika bila kuweka riziki nyingine mahali pake ni kuwanyima maskini nguo na kazi kwa pamoja. Lakini wachuuzi hulalamika pia kwamba marobota yamejaa fagia kuliko zamani, na ripoti ya shirika la Changing Markets ya 2023 ilikadiria kwamba kati ya nguo zaidi ya milioni 900 zinazoingia Kenya kila mwaka, karibu nusu hazina thamani. Mchuuzi hulinunua robota likiwa limefungwa. Akikuta taka ndani, hasara ni yake, na hapo ndipo kishawishi cha kukipandisha daraja kisichostahili humfikia hata mtu mwadilifu. Uongo unaosemwa kwenye kibanda mara nyingi ulianza kwenye ghala la ng'ambo, lililotuma taka kwa bei ya mali.

Kwa hiyo dawa ya tatizo hili haiko Mathare peke yake. Msafirishaji wa ng'ambo anapaswa kueleza kilichomo ndani ya shehena yake na kwa nini kilirudishwa. Mwagizaji anapaswa kuipeleka habari hiyo mbele, KEBS wakiikagua bandarini. Duka linalouza kitu kilichorudishwa linapaswa kuandika hivyo kwenye kasha na kushusha bei ipasavyo. Hakuna lolote kati ya haya linalodai teknolojia ngumu, na fundi mwaminifu wa Mlango Kubwa amekuwa akilifanya kwa mdomo kwa miaka mingi. Bidhaa iliyotumika imezivisha na kuzitunza familia za bonde tangu uhuru, na itaendelea kufanya hivyo. Haki ya wanunuzi wake ni kuambiwa ukweli wake kabla hawajatoa fedha, sawa na mnunuzi wa duka lolote duniani.